Kasha la sigaa nyumbani: Maelekezo ya Ulaya hayafai Mombasa

Sigaa ni jani tupu. Haina karatasi wala kichujio kama sigara ya kawaida. Ni majani ya tumbaku yaliyokaushwa, yakachachushwa kwa muda mrefu, kisha yakasokotwa: ya ndani ambayo ndiyo ujazo, lile la katikati linaloushikilia ujazo huo, na moja la nje, jembamba na laini, linalofunika yote. Wapo wanaoiita biri. Kwa kuwa ni jani tupu, hunyonya maji kutoka kwenye hewa ikiwa hewa ni mbichi na kuyatoa ikiwa hewa ni kavu, na haiachi mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Yote yanayohusu utunzaji wake yanatokana na tabia hiyo moja.

Ndiyo sababu wanaozinunua huziweka katika kasha maalumu la mbao lenye kifuniko kinachobana, ambalo wenyewe huliita hyumido. Anayenunua kasha hilo, au kuletewa zawadi na jamaa aliye ng'ambo, hukuta ndani yake kikaratasi cha maelekezo: lowesha sifongo, subiri mshale ufike asilimia 70, panga sigaa, funga. Maelekezo hayo si ya uongo. Ila yaliandikwa kwa ajili ya nyumba ya London au New York, na anayeyafuata neno kwa neno akiwa Nyali au Likoni huenda akafungua kasha baada ya majuma machache akakuta sigaa zimeota kuvu.

Chanzo cha tofauti hiyo ni historia ya kasha lenyewe. Tumbaku inayosifika zaidi duniani kwa kazi hii hulimwa Kuba, mkoani Pinar del Río magharibi mwa kisiwa, hasa katika eneo la Vuelta Abajo. Kisiwa hicho kina joto, na unyevu wa hewa aghalabu hupita asilimia 70. Sigaa zilipovushwa bahari hadi nchi za baridi, ziliingia katika nyumba ambazo wakati wa kipupwe huwashwa moto au vifaa vya kupasha joto mchana na usiku. Hewa ya ndani ya nyumba kama hizo inaweza kushuka chini ya asilimia 30, nalo jani la nje hupasuka kama ganda la kitunguu. Kasha lilibuniwa kutatua shida hiyo: kazi yake ilikuwa kunywesha.

Mombasa shida ni kinyume chake. Hewa ya huko tayari imebeba maji ya kutosha na kuzidi, na kasha linahitaji kuyapunguza.

Maana ya asilimia

Kosa la kwanza huanzia kwenye namba yenyewe. Asilimia ya unyevu haielezi ni maji kiasi gani yamo hewani. Inaeleza ni sehemu gani ya maji ambayo hewa ingeweza kubeba katika joto lililopo. Hewa yenye nyuzijoto 21 inaweza kubeba takriban gramu 18 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikifika nyuzijoto 30, uwezo huo hupanda hadi takriban gramu 30. Kwa hivyo asilimia 70 ya sebule yenye joto la Pwani ni kama gramu 21 za maji, ilhali asilimia 70 ya chumba cha nyuzijoto 21 haifiki gramu 13.

Matokeo yake huonekana kasha linapohamishwa. Likifungwa sebuleni mchana likiwa na hewa ile ya gramu 21, kisha likapelekwa katika chumba cha kulala ambamo kiyoyozi kimeshusha joto hadi nyuzijoto 20, hewa iliyo ndani haiwezi tena kuubeba mzigo wake wote. Ziada lazima itue mahali: kwenye kuta za kasha, upande wa ndani wa kifuniko, au ndani ya majani yenyewe. Asubuhi kiyoyozi huzimwa na joto hurudi. Mzunguko huo ukirudiwa kila siku, jani hutanuka na kusinyaa mpaka linaachana na mshono wake. Umeme ukikatika katikati ya usiku, mambo ni yaleyale.

Kipimo kinachotajwa sana ni asilimia 70 na nyuzijoto 21. Umaarufu wake unatokana kwa sehemu na urahisi wa kukumbuka, kwa sababu Wamarekani hupima joto kwa Farenhaiti na nyuzi 70 za Farenhaiti ndizo nyuzijoto 21 kwetu: sabini kwa sabini. Kwa kweli, sigaa hukaa vizuri popote kati ya asilimia 62 na 70. Mahali penye joto jingi ni afadhali kulenga chini. Kwa nyumba ya Pwani isiyo na kiyoyozi cha kudumu, asilimia 62 hadi 65 ni lengo la busara kuliko 70, kwa kuwa kuvu hupenda joto na maji vikiwa pamoja, na mwenye nyumba ana uwezo mdogo sana juu ya joto.

Isitoshe, makosa mawili hayalingani uzito. Sigaa iliyokauka hupasuka, huwaka upesi na kwa ukali, ladha yake ikawa chungu. Hata hivyo, ikirudishiwa unyevu polepole inaweza kufaa tena, ingawa mafuta yaliyokwisha kupotea hayarudi. Sigaa iliyolowa huvimba, ikavutika kwa shida, ikazimika kila mara na kupasuka mguuni. Ikiisha kuota kuvu hadi ndani, hakuna la kufanya ila kuitupa. Anayeshindwa kulenga katikati ni heri akosee upande wa ukavu.

Kipimaunyevu na kijiko cha chumvi

Makasha mengi huuzwa yakiwa na kipimaunyevu cha mshale kilichobandikwa kwenye kifuniko au ubavuni. Ni pambo zuri. Lakini vingi vya aina hiyo hukosea kwa asilimia kumi au zaidi, na mwenye kasha huendelea kuongeza maji akidhani hewa ni kavu. Kipimo kidogo cha tarakimu kinachotumia betri hutegemewa zaidi, japo nacho hakifai kuaminiwa kabla ya kujaribiwa.

Jaribio lenyewe halina gharama. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ujaze chumvi ya mezani, kisha utie matone machache ya maji safi mpaka chumvi iwe kama mchanga wa ufuoni uliolowa. Isiyeyuke, ikiyeyuka, maji yamezidi. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mkebe wa plastiki au chupa ya kioo yenye mdomo mpana inayofungika bila kupitisha hewa, chumvi isikiguse kipimo kwa sababu hula chuma. Acha mahali penye kivuli kwa saa 24. Bila kufungua, soma kipimo kupitia ubavuni. Kinapaswa kuonyesha asilimia 75. Kikionyesha 69, basi kinapunguza sita, na kila usomaji wa baadaye uongezewe sita. Kikionyesha 81, toa sita.

Sababu ya kuiamini chumvi ni kwamba chumvi iliyoloweshwa bila kuyeyuka yote huiweka hewa iliyo juu yake kwenye asilimia 75 hivi, na namba hiyo haibadiliki sana hata joto likibadilika. Nyeri na Malindi jibu ni lilelile. Ndiyo kanuni inayotumika pia kupima mahindi kabla ya kuyahifadhi: chumvi kavu hutikiswa pamoja na punje ndani ya chupa kavu, na ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yangali mabichi na yarudi juani. Mkulima anayejua hilo tayari anajua nusu ya kazi ya kasha la sigaa.

Mbao, mdomo na maandalizi

Ndani ya kasha bora hufunikwa mbao inayoitwa mwerezi wa Kihispania. Jina hilo linapotosha mara mbili: asili ya mti huo ni Marekani ya Kati, Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi, wala haukutoka Uhispania, na si mwerezi. Kitaalamu ni Cedrela odorata, wa jamii moja na mkangazi na mwarobaini. Hunyonya na kutoa maji taratibu bila kupindapinda sana, na harufu yake huafikiana na tumbaku. Uliwahi kupandwa Afrika Mashariki kwa ajili ya mbao, na katika msitu wa Kimboza nchini Tanzania umeenea mpaka ukahesabiwa kuwa mti mvamizi.

Seremala asiyejua tofauti anaweza kumtengenezea mteja kasha la mutarakwa, ambao hapa Kenya pia huitwa mwerezi. Mutarakwa ni mbao nzuri kwa nguzo na fanicha, lakini mafuta yake yana harufu kali ambayo tumbaku huinyonya na haiiachi. Vanishi ndani ya kasha haifai kwa sababu hiyohiyo, na kwa kuwa inaizuia mbao kunyonya.

Ubora wa mbao si kitu ikiwa mdomo wa kasha haubani. Bana kipande cha karatasi kati ya kifuniko na kasha, kisha ukivute pande zote nne. Kinapaswa kukwama kila upande. Au weka tochi iliyowashwa ndani, funga, zima taa za chumba. Mwanga unapotokea ndipo hewa inapopita. Kasha lisilobana Nairobi hukauka mwezi wa Februari, na Mombasa huwa sawa na kuacha sigaa mezani.

Kasha jipya haliwekwi sigaa siku ileile. Mbao kavu hunyonya maji ya sigaa kabla ya kunyonya kitu kingine. Nairobi na maeneo mengine ya nyanda za juu, kisahani chenye maji yaliyokenekwa huwekwa ndani, kasha likafungwa kwa juma moja hadi mawili mpaka kipimo kitulie. Kufuta kuta kwa kitambaa kilicholowa ili kuharakisha kazi si vizuri. Mbao hulewa maji upande mmoja na kupinda. Pwani mambo hugeuka. Kasha lililokaa wazi dukani au sebuleni kwa mwezi mmoja huenda mbao yake imeshiba kuliko inavyotakiwa. Hapo hupimwa kwanza likiwa tupu, na likionyesha asilimia 75 au 80, hukaushwa kwa siku kadhaa katika chumba chenye kiyoyozi kabla ya jambo lolote. Kikaratasi cha maelekezo hakisemi neno kuhusu hilo.

Kinachotoa, na kinachotoa na kupokea

Sifongo au povu la kijani linalokuja na kasha hujua kutoa maji tu. Likiloweshwa, huendelea kutoa hata hewa ikiwa imeshiba. Wengine hulilowesha kwa mchanganyiko wa nusu maji yaliyokenekwa na nusu propileni glikoli, ambao hutulia karibu na asilimia 70. Ni nafuu kwa Nairobi, lakini hausaidii sana kulishusha kasha la Pwani hadi 65.

Vifaa vinavyofaa zaidi mazingira yetu ni vile vinavyotoa na pia kupokea. Kuna punje za silika zilizotengenezwa maalumu kwa makasha, na kuna vipakiti vyenye mmumunyo wa chumvi ndani ya utando unaopitisha mvuke lakini haupitishi maji. Vipakiti hivyo huchapishwa namba, kwa mfano 62, 65, 69 au 72, na hewa iliyo juu ikavutwa ama kusukumwa kuelekea namba hiyo. Kanuni ni ileile ya kifuniko cha soda. Kipakiti kikikauka na kuwa kigumu kama kadi, muda wake umekwisha. Pwani hutokea kinyume: huvimba kwa maji kiliyoyapokea, na hiyo ni dalili kwamba mdomo wa kasha unavuja.

Maji ya mfereji hayafai kwa kifaa chochote kinacholoweshwa, na ya kisima ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi na madini yake huziba vinyweleo. Maji yaliyokenekwa hununuliwa kwenye maduka ya dawa. Yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri yamewachanganya wengi, maana baadhi ya chupa hizo zina asidi. Bora kuyaacha. Kipande cha tufaha au kiazi, dawa ya mitaani inayopendekezwa mara kwa mara, ni njia ya haraka ya kuingiza kuvu.

Nairobi haitoi shida kubwa ya joto. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na chumba kisichopigwa na jua hukaa karibu na kipimo kinachotakiwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tatizo lake ni kuyumba: ukungu wa asubuhi za Julai, kisha alasiri kavu za Januari na Februari. Kasha liwekwe ndani ya kabati lililoegemea ukuta wa ndani ya nyumba, mbali na dirisha, televisheni na sehemu ya juu ya friji. Garissa na Lodwar zina joto pamoja na ukavu, kwa hivyo huko maji yanahitajika kweli, na sigaa zisiwekwe kwa wingi wala kwa muda mrefu.

Mkazi wa Mombasa au Kisumu mwenye sigaa chache angefanya vyema kuliacha kasha la mbao kabisa. Mkebe wa plastiki wa kuhifadhia chakula, wenye mpira kwenye kifuniko, ukioshwa na kuanikwa mpaka usinuke kitu, ukatiwa kipakiti cha 62 au 65 na kuwekwa sehemu yenye ubaridi kuliko zote nyumbani, huzihifadhi sigaa kuliko kasha la bei ghali linalovuja. Hauna fahari ya kuonyesha wageni.

Mdudu wa tumbaku

Hata unyevu ukiwa sawa, joto lina hila nyingine. Mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, Lasioderma serricorne kwa jina la kitaalamu, hutaga mayai kwenye tumbaku, na mayai hayo huweza kusafiri ndani ya sigaa bila kuonekana. Joto likikaa juu ya nyuzijoto 24 au 25 kwa siku nyingi, huanguliwa. Kiluwiluwi hutoboa njia ndani ya jani, kisha mdudu mzima hutoka kwa tundu dogo kama la pini, kama afanyavyo fukusi kwenye punje ya hindi. Mmoja akitoka, kasha zima liko hatarini. Na kwa kuwa hula pia pilipili, viungo na matunda makavu, kabati la jikoni si mahali pa kuhifadhia sigaa.

Dawa ya wadudu haitumiki kamwe, kwa sababu kitakachopuliziwa kitavutwa. Njia ni baridi. Sigaa zote, hata zisizo na tundu, hutiwa katika mkebe usiopitisha hewa, zikakaa kwenye friji siku moja, kisha kwenye friza yenye baridi ya nyuzijoto 18 chini ya sufuri kwa siku tatu au zaidi. Friza za nyumbani nyingi hazifiki baridi hiyo sawasawa, kwa hivyo juma zima ni salama zaidi. Baadaye hurudishwa kwenye friji siku moja, kisha chumbani, mkebe ukiwa bado umefungwa mpaka upoteze baridi yake yote; ukifunguliwa mapema, umande hutua kwenye majani. Mwenye kuruka hatua za friji hupasua sigaa zake. Kasha lenyewe hukung'utwa vumbi lote pembeni.

Kuvu hutambulika kwa manyoya yake, meupe au ya rangi ya kijani na buluu, mara nyingi kuanzia mguuni ambako jani limekatwa. Kuna wanaoshikilia kwamba unga mweupe juu ya sigaa ni mafuta yaliyoganda, ishara ya ukomavu. Huenda mara moja moja ikawa hivyo, lakini anayeamini hivyo kila aonapo weupe atavuta kuvu. Zenye kuvu hutolewa na kutupwa, zilizobaki hutengwa, na kasha hufutwa kwa spiriti ya hospitali, likaachwa wazi mpaka harufu iishe kabisa.

Hakuna lolote katika utunzaji huu linalopunguza madhara ya tumbaku yenyewe. Sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na hata asiyemeza moshi hujiweka katika hatari ya saratani ya kinywa, koo na umio. Moshi wake haumwachi salama aliyeketi karibu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma, na haitofautishi sigaa ya Havana na sigara ya dukani.

Baada ya kasha kutulia, kazi iliyobaki ni ndogo. Robo ya nafasi iachwe tupu ili hewa ipite. Kifuniko kifunguliwe kidogo mara moja kwa juma, sigaa za chini zipandishwe juu kila mwezi au miwili, na jaribio la chumvi lirudiwe mara mbili kwa mwaka.

Sigaa zilizofika zikiwa zimekauka, kwa mfano baada ya safari ndefu ya ndege, haziingizwi moja kwa moja katika kasha la asilimia 70. Jani la nje lingenyonya kwanza na kutanuka huku ujazo ungali mkavu, likapasuka. Hukaa majuma mawili katika mkebe wenye kipakiti cha 62, mengine mawili kwenye 65, ndipo zikahamishiwa kasha, kama bado kuna haja ya kuzihamisha.